Programu Iliandika Mia, Mizani Ikasema Themanini

Najua nimekuwa kimya mno. Nilikuwa nyumbani Kosele, huku Homa Bay, karibu na Oyugis kwa wale ambao hawajawahi kupita njia hizi, na stima ikipotea huku mtu hujifunza tena kulala mapema. Niliahidi kuandika juu ya kuhifadhi nakala za data, na nitaandika, lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu mwaka jana na leo nalitoa. Linahusu kisanduku kimoja kidogo katika programu za kuendeshea biashara. Kile kinachouliza: umezalisha kiasi gani?

Ukikitazama hivi hivi huoni hatari yoyote. Unaandika namba, unabofya, kazi imekwisha, unaenda kunywa chai. Lakini kisanduku hicho kilimfanya kijana asiye na hatia aitwe mwizi mbele ya mama yake, na aliyekosea si karani wala kompyuta. Ni mimi niliyeweka programu hiyo.

Nianze na kikundi chenyewe. Sitakitaja jina. Ni akina mama na vijana wachache wanaonunua viazi vitamu kwa wakulima, wanavimenya, wanavikata, wanavikausha, wanavisaga, kisha wanauza unga. Sehemu hizi za Kabondo na Kasipul viazi vitamu ni maisha yetu. Sisi tunaviita rabuon, na hakuna nyumba ambayo chai ya asubuhi haijawahi kukutana navyo. Kwa miaka mingi viliuzwa kwa gunia la lumbesa, lile linaloshonewa kilemba juu mpaka linafanana na mtu aliyevaa kofia mbili. Dalali analipa bei ya gunia moja, anaondoka na gunia moja na nusu. Kwa hiyo kikundi kilipoanza, jambo la kwanza kilichonunua si mashine ya kusaga. Ni mizani. Wanachama walijiunga kwa sababu ya mizani hiyo. Naomba mlikumbuke hilo, maana ndiyo sababu yaliyofuata yaliuma hivyo.

Walipofika mahali pa kuuzia maduka ya Kisumu na shule kadhaa, waliniomba niwawekee mfumo wa kompyuta. Nikachagua ERPNext, programu huria iliyotengenezwa na watu wa Frappe huko Mumbai. Haina ada ya leseni, inaendeshwa kwenye seva ya bei ndogo, na nimeizoea. Bado naipenda, na nitakayosema hapa yanaihusu kama yanavyohusu nyingine zote za aina yake.

Kwa wale ambao hawajawahi kuziona, uzalishaji katika programu hizi unaendeshwa na kitu ninachokiita oda ya kazi. Ni karatasi ya kompyuta inayosema: tengeneza kilo 100 za unga. Nyuma yake kuna orodha ya malighafi, inayosema ili upate kilo 100 za unga unahitaji kilo 400 za viazi vibichi, mifuko kadhaa na kuni kadhaa. Ukifungua oda, programu inatenga viazi. Ukimaliza, unabofya kitufe cha kumaliza, na programu inaondoa viazi stoo na kuingiza unga stoo. Kila kitu kinajihesabu. Ukimwonyesha mama aliyezoea kalamu na daftari, anapiga makofi. Nami nilipigiwa makofi, nikayafurahia kuliko ilivyostahili.

Ile namba 400 niliitoa wapi? Niliwauliza wenyewe, nao wakaniambia kwa uzoefu wao. Ilikuwa sahihi kabisa siku ile. Hebu tupige hesabu pamoja. Kilo 400 za viazi, ukiosha na kumenya na kukata sehemu mbovu, unapoteza kama humusi moja, unabaki na kilo 320. Katika hizo, nyingi ni maji. Tuseme sehemu kavu ni asilimia 28, yaani kilo 90 hivi. Unga ulio tayari hubaki na unyevu kidogo, tuseme asilimia 10, kwa hiyo kilo 90 za kitu kikavu zinakuwa kilo 100 za unga, ukitoa vumbi linalopotelea kwenye mashine. Mia kwa mia nne. Safi.

Sasa ikaja Aprili. Mvua za masika zilikuwa zimeshika, na wakulima walikuwa wameanza kuleta kwa wingi viazi vya rangi ya chungwa. Hivi ndivyo vinavyohimizwa na wataalamu wa lishe kwa sababu mwili hupata vitamini A kutokana navyo. Wale waliovishughulikia, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, na wanastahili. Lakini viazi vya rangi ya chungwa kwa kawaida vina maji mengi kuliko vyeupe na vya manjano tulivyovizoea. Watafiti wenyewe wamehangaika miaka mingi kupata aina zenye ukavu, kwa sababu mtu wa Afrika Mashariki anataka kiazi cha unga, si cha majimaji, na aina hutofautiana sana. Ongeza mvua juu ya hapo. Sehemu kavu ikashuka mpaka kama asilimia 23. Rudia hesabu: kilo 320 zilizomenywa zinatoa kilo 74 za kitu kikavu, na hizo ni kilo 80 na kitu za unga.

Themanini, na oda inasema mia. Hakuna aliyeiba hata kijiko.

Karani wetu, dada mmoja makini sana, alipima unga, akaandika 80 kwenye kisanduku. Programu ikafanya mambo mawili. Kwanza, oda ikakataa kufungika. Ikabaki inaonyesha kazi inaendelea, bado kilo 20. Pili, na hili ni baya zaidi kwa sababu halina kelele, ikatoa viazi kwa kufuata orodha. Ikiwa mia inahitaji mia nne, basi themanini inahitaji mia tatu na ishirini. Kwa hiyo kompyuta ikasema kuna kilo 80 za viazi ambazo bado hazijatumika. Viazi gani? Vilikuwa vimeshamenywa, vimeshakauka, vimeshasagwa. Vilikuwa viazi vya hewa.

Dada akanipigia simu. Nilikuwa Nairobi ndani ya matatu, kelele tupu.

“Omera, hii mashine yako inakataa kufunga oda.”

“Pale juu imeandikwa ngapi?”

“Mia.”

“Basi ifute hiyo, jaza mia, ifunge. Nitaangalia nikija.”

“Lakini unga ni themanini.”

“Jaza tu, dada.”

Akajaza. Mara ya pili hakunipigia, alijua jibu. Mara ya tatu hata hakuhitaji kujaza, kwa sababu kitufe cha kumaliza chenyewe huleta namba iliyobaki ikiwa tayari imeandikwa. Ukibofya bila kusoma, umekiri umezalisha yote. Oda tatu, kilo 300 kwenye kompyuta.

Mwezi wa tano kikundi kikahesabu stoo na mauzo. Unga uliouzwa na uliokuwepo, ukijumlisha, ulikuwa kilo 240. Zimepotea 60! Mwenye ufunguo wa stoo alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mtoto wa mwanachama mmoja. Bei ya unga ilikuwa shilingi 150 kwa kilo, kwa hiyo aliambiwa anadaiwa shilingi 9,000. Akasema hajui. Akasimamishwa kazi.

Nilifika nikiitwa kama shahidi. Tuliketi kwenye mabenchi nyuma ya stoo. Nikafungua laptopu, nikaonyesha ripoti, na ripoti ilikuwa nzuri, ina mistari na rangi. Nikasema mfumo haujakosea hesabu. Hiyo ilikuwa kweli, na ndiyo sentensi ninayoijutia kuliko zote nilizowahi kusema katika kazi hii. Mama mwenyekiti akanitazama akasema, “Nyathina, kompyuta haina tumbo. Unga huu umeliwa na mwenye tumbo.” Watu wakanyamaza. Mama yake yule kijana alikuwa ameketi benchi la pili, anatazama miguu yake.

Kilichotuokoa ni daftari. Kuna mama mmoja mtu mzima ambaye tangu nilipoleta kompyuta aliendelea kuandika uzito kwa penseli katika daftari la shule, kimya kimya, kwa sababu nilikuwa nimetangaza siku ya mafunzo kwamba madaftari hayana kazi tena. Aliposikia kilo 60 akasimama, akaenda kulileta. Limeandikwa: 81. 80. 79. Jumlisha mwenyewe.

Daftari lile lilikuwa bora kuliko mfumo wangu kwa jambo moja tu, lakini jambo lenyewe ni kubwa: halijijazi lenyewe. Ukurasa mtupu unabaki mtupu mpaka mtu atazame mizani.

Sasa nije kwenye hoja yangu, maana sikukaa chini kuandika kisa tu.

Katika oda ya kazi kuna namba mbili zinazofanana sura lakini hazina undugu. Ya kwanza ni kiasi tulichopanga. Hiyo ni ahadi. Ya pili ni kiasi kilichotoka. Hiyo ni habari. Naamini kwamba kosa kubwa kuliko yote katika uzalishaji wa kompyuta ni kuruhusu moja ibadilishwe ili ifanane na nyingine. Kwa upande wowote. Mimi nilimwambia karani aibadilishe habari ifanane na ahadi, na mnaona tulipofika. Lakini kuna ndugu yake kosa hilo, nalo linapendwa na watengenezaji wa programu wenzangu kwa sababu linaonekana la uaminifu: kurudi kwenye oda na kushusha mpango kutoka 100 hadi 80, halafu kuifunga. Oda inapendeza, mia kwa mia imekamilika, hakuna alama nyekundu. Umeshafuta ushahidi kwamba ulitarajia mia. Mwezi ujao utapanga mia tena, na mwezi utakaofuata, na kila mara utashusha, na hutajua kamwe kwamba viazi vyako vimebadilika.

Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo kitu cha thamani kuliko vyote mle ndani. Ndiyo inayosema mvua imenyesha, au kisu kinamenya ngozi nene mno, au kichujio cha mashine kimetoboka, au ndiyo, wakati mwingine, kuna mtu mwenye tumbo. Ukiiziba tofauti hiyo, umeiziba midomo yote hiyo kwa pamoja.

Tazama pia fedha. Raundi moja ilikuwa na viazi vya shilingi 10,000, yaani 25 kwa kilo, na kazi na kuni na kusaga shilingi 3,500. Jumla 13,500. Kompyuta ikagawa kwa 100, ikasema kila kilo imegharimu 135, tunauza 150, tunapata faida ya 15. Kwa raundi tatu, faida ya shilingi 4,500. Ukweli ni kugawa kwa 80. Kila kilo iligharimu karibu 169. Walitumia 40,500 na unga wote waliokuwa nao ulistahili 36,000. Hasara ya shilingi 4,500! Ripoti yangu yenye rangi ilikuwa inawapongeza kwa kiasi kile kile walichokuwa wanapoteza.

Kwa nini programu hizi zinafikiri hivi? Nadhani ni kwa sababu ya mahali zilipozaliwa. Mtu aliyeeneza namna hii ya kupanga malighafi kwa kompyuta ni Joseph Orlicky wa IBM, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1975. Kabla ya IBM alikuwa amefanya kazi katika kampuni ya matrekta ya J. I. Case. Fikiria trekta. Trekta moja, magurudumu manne. Halitatoka trekta lenye magurudumu matatu na kidogo kwa sababu mvua ilinyesha wiki iliyopita. Ukipungukiwa na gurudumu, kweli kuna kazi imebaki, na oda inastahili kubaki wazi ikisubiri. Fikra hiyo ni sahihi kwa vyuma. Ndiyo maana hata Odoo ya Wabelgiji, ukizalisha pungufu, inakuuliza kama ufunguliwe oda nyingine ya kiasi kilichobaki. Swali zuri kwa mtengeneza meza. Kwa msaga viazi swali hilo ni kama kumuuliza aliyechemsha maziwa yakapungua, atamalizia lini yale yaliyokuwa mvuke.

Viwanda vyetu vingi huku si vya vyuma. Teremka Migori mpaka Awendo, kwenye kiwanda cha sukari cha Sony. Pale hakuna mtu anayeamini kwamba tani fulani ya miwa itatoa sukari ile ile kila wiki. Wanapima miwa getini, wanapima sukari mwishoni, na wanahesabu imechukua tani ngapi za miwa kupata tani moja ya sukari, kumi au zaidi. Uwiano huo ukipanda, maswali yanaanza: miwa ilikatwa mapema? Imelala barabarani siku ngapi? Kinu kinavuja wapi? Tofauti yenyewe inachukuliwa kuwa habari, haifichwi. Wao ni wakubwa, wana maabara. Lakini wazo ni lile lile na halihitaji maabara.

Au karibu zaidi na hapa, Ringa. Kampuni ya Organi ilikuwa inasaga viazi vya rangi ya chungwa kuwa rojo, na kuanzia mwaka 2015 rojo hilo likaingia kwenye mikate iliyookwa katika maduka ya Tuskys mahali pa sehemu ya unga wa ngano. Maduka ya Tuskys yalianza kufungwa mwaka 2020, kwa hiyo usiende kuutafuta mkate huo huko leo. Lakini fikiria kazi ya mpangaji pale. Rojo bichi haliwekeki kama unga, bila baridi linaharibika upesi. Ukizalisha zaidi ya oda unatupa. Ukipunguza, mwokaji wa Nairobi anakaa na tanuri la moto bila rojo. Na maji yakizidi ndani ya kiazi, kinyunya kinakuwa laini. Kiasi si suala la karani hapo, ni suala la kama kuna biashara kesho au hakuna.

Nilipoeleza haya kwa rafiki yangu mmoja mtengenezaji wa programu, akaniambia suluhisho ni rahisi, weka asilimia ya hasara kwenye orodha ya malighafi. Chukua wastani wa mwaka, andika viazi 450 badala ya 400, mambo yatalingana mwishoni. Yatalingana, ndiyo. Wastani ni kitu kizuri kwa kuombea mkopo. Lakini mwezi wa nne utakuwa umekosea chini na mwezi wa pili umekosea juu, na watu hawaishi mwishoni mwa mwaka. Yule kijana alisimamishwa kazi mwezi wa tano.

Na hebu niseme juu ya hiyo ziada, maana tumezoea kuogopa pungufu peke yake. Mwaka huu, kiangazi cha Januari na Februari, viazi vilikuja vikavu, asilimia 31 hivi. Kilo 400 zikatoa kilo 110. Kama ningeacha mipangilio ya zamani, programu ingekataa namba hiyo, kwa sababu ruhusa ya kuzidisha ilikuwa sifuri. Karani angeandika 100 ili apite. Halafu kilo 10 zingekuwa stoo, unga mzuri kabisa, usiojulikana na kompyuta, usiojulikana na mweka hazina, ambao mtu anaweza kuubeba jioni na hesabu ikabaki safi. Mnaona mchezo? Upungufu ulioandikwa vibaya ulimsingizia mtu wizi ambao haukuwepo. Ziada iliyoandikwa vibaya ingeuficha wizi ambao ungekuwepo. Programu ile ile, kisanduku kile kile.

Tulichobadilisha si kikubwa. Kwanza niliondoa mpangilio wa kutoa viazi kwa kufuata orodha. Sasa programu inatoa kile kilichopelekwa kazini kweli, kilo 400 zikienda zinahesabiwa 400, hata unga ukitoka kilo 5. Viazi vya hewa vikaisha siku hiyo hiyo. Pili, upungufu unaandikwa kama hasara ya mchakato, sehemu ambayo matoleo mapya ya ERPNext inayo, na oda inafungwa ikiwa na namba zake zote mbili, mia na themanini, bila aibu. Ruhusa ya kuzidisha niliiweka asilimia 15. Na kitufe cha kumaliza nilikiandikia msimbo mfupi kisilete namba yoyote. Kisanduku kinafunguka kitupu. Mistari michache tu, lakini ndiyo ninayojivunia kuliko ile ripoti ya rangi.

Tatu, tunapima mara tatu: viazi vikifika, viazi vikishamenywa, unga ukitoka. Ile ya katikati wengi waliiona kero. Lakini ndiyo inayotenganisha kisu na maji. Ikiwa 400 zimekuwa 320 na unga ni 80, tatizo ni maji. Ikiwa 400 zimekuwa 280, hebu tuzungumze na wamenyaji, taratibu, kwa heshima.

La nne walilibuni wenyewe. Kabla ya kufungua oda, wanachukua kilo moja ya vipande vya mzigo ule, wanaikausha peke yake kwenye sinia, wanapima kwa mizani ndogo ya jikoni. Ikitoka gramu 310, sawa, kilo 400 zitatosha mia. Ikitoka gramu 255, wanajua kwamba kwa kilo 100 za unga wanahitaji kama kilo 500 za viazi, na wanapanga hivyo au wanamwambia mwenye duka mapema kwamba wiki hii ni themanini. Sasa ahadi inaandikwa baada ya kuangalia kiazi chenyewe. Hakuna programu iliyowafundisha hilo. Yule mama wa daftari ndiye msimamizi wa sinia, na daftari lake sasa lina safu mpya.

Kijana alirudishwa kazini. Aliombwa radhi mbele ya watu wale wale, nami nilisimama nikaeleza lile la matatu na “jaza tu, dada”. Siku alizokaa nje alilipwa, ingawa ilichukua miezi. Tunasalimiana. Hatutaniani kama zamani, na sijui nitarajie nini zaidi.

Nilidhani mambo yameishia hapo, kumbe zile namba za sinia zimezaa swali jingine. Mwezi uliopita mkulima mmoja wa viazi vyeupe alisimama mkutanoni akauliza kwa nini analipwa shilingi 25 kwa kilo sawa na jirani yake wa viazi vya chungwa, ilhali daftari linaonyesha kilo zake zinatoa unga zaidi. Jirani akajibu kwamba walikuja watu wakamwambia apande hivi kwa afya ya watoto, akapanda, na sasa anataka kuadhibiwa kwa maji? Na maduka ya Kisumu yanataka unga wa rangi ya chungwa, huo mweupe hawaulizii sana. Wote wawili wana haki, na wote wawili sasa wana ushahidi, ambao zamani haukuwepo.

Mkutano ni Jumamosi. Nimeombwa nije na namba za mwaka mzima, mzigo kwa mzigo, zilizopangwa na zilizotoka. Oda tatu za Aprili nimeziacha kama zilivyo, zikisema mia, mia, mia, na pembeni nimeambatisha picha ya ukurasa wa penseli.